Kioo Bado Kina Ukungu

3 Machi

Dada ameninunulia daftari hili, kisha akaniambia mbele ya Baba kwamba sitafika ukurasa wa kumi. "Wewe Profesa, shule ilikushinda kidato cha pili, daftari utaliweza wapi?" Nikamjibu kwamba nitaandika tangu mvua zinaanza hadi zinakatika, na nikishindwa nitamfulia nguo zake mwaka mzima. Mvua imeanza leo saa nane mchana. Basi naanza. Msomaji, kama upo, kaa vizuri: unasoma mwandiko mzuri kuliko wote mtaa huu. Wa Seremala jirani yetu unafanana na nyayo za kuku.

4 Machi

Mvua.

6 Machi

Leo nimefanya biashara ya mwaka. Mkahawa wa kona umefungwa, mwenyewe anahama, na vitu vyake vilikuwa nje vinalowa. Katikati ya viti nikaona tangi la samaki. Siyo yale madogo ya kuweka mezani. Hili ukilala ndani unakunja magoti kidogo tu. Nikampa baiskeli yangu, akanipa tangi. Baiskeli yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa na breki moja, na hiyo moja ilikuwa inafanya kazi ikipenda. Nani mjanja?

Nimelileta kwa mkokoteni wa Seremala. Baba alikuwa mlangoni mwa duka. Baba ni fundi vioo: madirisha, kabati, fremu za picha. Mtaa mzima unamwita Milimita, kwa sababu anaweza kusimama ng'ambo ya barabara akakuambia dirisha lako limepinda kiasi gani, na ukipima unakuta kweli. Alizunguka tangi mara moja, akapitisha kiganja kwenye kioo cha mbele.

"Umetoa baiskeli," akasema, "umeleta ukungu."

Kioo cha mbele kimechakaa, sikatai. Watu wa mkahawa walikuwa wanaondoa ukoga kwa waya wa kusugulia sufuria, tena wenye mchanga. Ukiwasha taa mikwaruzo inang'aa yote kama utando wa buibui.

"Samaki watadhani wamefungwa jela," Dada akasema.

Wacheke tu. Nitalisugua litakate, kisha nitamuuzia daktari wa meno. Wagonjwa wake watazame samaki badala ya kutazama koleo.

7 Machi

Baba amenifundisha. Sikumwomba, ila alipoona nimeshika sabuni alishindwa kuvumilia.

Kwanza ukucha. Unaupitisha juu ya mkwaruzo. Ukiteleza, mkwaruzo huo utatoka. Ukikwama, achana nao, umeshaingia ndani mno, ukiufuata utachimba bonde na kila samaki ataonekana ana vichwa viwili. Pili unga. Baba ana kopo la unga wa kung'arishia, rangi yake ya waridi iliyopauka. Unaukoroga na maji mpaka uwe kama uji mwepesi, unachovya kibao kilichovishwa kitambaa kizito cha sufu, unasugua kwa miduara midogo. Usiache pakauke, maana kioo kikipata joto kinapasuka.

Nikamuuliza kwa nini tusikate kioo kipya tukabandika, si sisi ndio wenye duka?

"Kioo cha unene huu hatuna. Chetu kinene kabisa ni nusu ya hiki. Na hata tungekuwa nacho, kubandika kipya kila mtu anaweza. Wewe unataka almasi au hutaki?"

Almasi ni kile kikalamu chake cha kukatia kioo, kina punje ya almasi kwenye ncha. Alipewa na fundi aliyemfundisha, na kinalala kwenye mfuko wa koti lake. Mimi hapa dukani nashika, nabeba, naosha, napima. Kukata kioo cha mteja sijawahi, na nina miaka kumi na tisa.

"Siku nitakayosema kioo hiki kimetakata," Baba akasema, "almasi ni yako. Wateja utawakatia wewe."

Seremala alikuwa kibarazani anajikinga mvua, akasikia. Dada akasikia. Nimeandika hapa ili asije akaruka.

8 Machi

Nimehesabu mikwaruzo. Arobaini na mmoja. Ukucha umekwama kwa mmoja tu, uko ndani, chini kabisa, kona ya kushoto. Huo nitaufunika na kokoto. Hakuna atakayejua zaidi yangu na wewe daftari.

9 Machi

Nimesugua. Mvua.

10 Machi

Nimesugua. Mkono wa kulia umekuwa mkubwa kuliko wa kushoto. Wasichana wataanza kuniona nikitokea upande wa kulia tu.

14 Machi

Imebaki kumi na minane. Dada anashona sare za shule chumba cha nyuma, na mashine yake na kibao changu tunakwenda pamoja: yeye trrrr, mimi shwii shwii. Baba amehamisha meza yake ya kazi mpaka mlangoni kabisa, manyunyu yanamfikia mgongoni. Eti ndani hakuna hewa. Uzee huo.

17 Machi

Nimejaribu ujanja. Nililijaza tangi maji, na lo! mikwaruzo iliyobaki upande wa ndani ikapotea nusu. Nikamwita Baba kwa madaha.

"Mwaga," akasema.

"Hujatazama hata!"

"Maji ni poda. Mwaga, nione uso."

Nikamwaga ndoo kumi na nne. Mtu gani anajua mpaka uongo wa maji?

20 Machi

Siku mbaya. Mama mwenye saluni alikuja kuchukua kioo cha mlango. Kilikuwa kifupi, kidole kizima. Baba akamwambia hivi, mbele yangu: "Nisamehe mama, kijana wangu ndiye aliyepima."

Nilipima mimi, ndiyo. Nikaandika ukutani kwa penseli kama siku zote: sitini na nane. Namba iko pale mpaka sasa, imenenepa na kushiba. Baba amekata sitini na tatu.

"Nane yako inafanana na tatu," Baba akasema yule mama alipoondoka. "Mwandiko wako hausomeki."

Hausomeki! Mwandiko wangu! Mwalimu wa darasa la saba alikuwa ananipa mimi kazi ya kuandika ubaoni. Nilitaka kumjibu, nikameza. Nimesugua mpaka maji ya unga yakawa yananichuruzika viwiko vyote viwili.

21 Machi

Sina la kuandika. Mvua na Milimita.

25 Machi

Kimetakata. Naapa. Nimeweka taa nyuma, pembeni, juu, na tochi ya simu kwa chini. Hakuna kitu mbele. Ule mkwaruzo wa kona nimeshaufunika na kokoto. Nikamwita Baba, nikajipanga kabisa jinsi nitakavyopokea almasi, kwa mikono miwili na bila kucheka.

Akainama. Akasogea. Akarudi nyuma. Akafuta macho kwa kiwiko.

"Bado," akasema. "Kina ukungu."

"Wapi, Baba?"

"Chote."

26 Machi

Nimesugua. Sijui nasugua nini.

28 Machi

Nimemvuta Dada aache mashine aje atazame.

"Mbona kimetakata," akasema. "Mpaka nataka kupitisha mkono, kama hakipo."

"Basi kamwambie Baba."

Akanitazama kwa namna, akatazama mlangoni alikokaa Baba, akarudi kwenye sare zake. "Hayo ya mafundi mimi siyaingilii."

Mwoga. Nimeandika makusudi, akipekua daftari ajione.

2 Aprili

Vidole vimepasuka kwa unga. Baba amejikwaa kwenye ndoo yangu, maji yakaenda dukani kote, nikagombezwa kwamba naacha vitu njiani. Ndoo hiyo iko palepale tangu wakati wa marehemu Mama. Nikamwambia, "Au ndoo nayo nimeipima vibaya?" Jioni alilalamika kwamba umeme wa siku hizi ni mbovu, taa zinaota pete za rangi. Nikamwambia labda taa inataka kuolewa. Dada hakucheka. Nilifikiri mzaha huo ulikuwa mzuri.

5 Aprili

Bado.

6 Aprili

Bado, "hasa pembeni."

8 Aprili

Kioo kingine kimeharibika, cha fremu ya bibi harusi, na kosa limewekwa kwangu tena. Safari hii sikumeza.

"Baba, sema tu hutaki kuniachia almasi. Sema unaogopa nitakupita. Mwezi mzima unanisugulisha kioo kisafi kama mjinga!"

Alikuwa anapangusa meza kwa mkono, taratibu, kama anayetafuta sindano.

"Sikuonei, mwanangu. Ninachoona ndicho ninachosema."

"Basi unaona vibaya."

Nilisema hivyo kwa hasira. Naandika kama nilivyosema.

11 Aprili

Nina mpango. Nimemwambia Seremala peke yake, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho mtaa utajua nani anasema kweli. Daftari, kesho utapata ukurasa mtamu kuliko yote.

12 Aprili

Asubuhi nilifungua kreti la vioo lililoletwa juzi. Vioo vipya, kila kimoja kimetenganishwa na mwenzake kwa karatasi. Nikatoa kimoja, nikabandua karatasi, nikakifuta kwa pumzi na shati langu jipya. Kioo ambacho hakijawahi kuguswa na mtu. Kisha nikakilaza juu ya meza, nikanyunyiza unga wa waridi pembeni ili kionekane kimesuguliwa. Seremala akaja na wenzake wawili wa karakana, wakajifanya wanakimbia mvua. Mama wa saluni naye alikuwepo, amefuata kioo chake kilichorudiwa. Sikumwalika, ila nilifurahi kumwona. Nilisema, wasikilizaji wazidi.

"Baba," nikaita, "njoo unipe neno lako. Hiki ni cha dirisha la zamani, nimekisugua kujaribu mkono."

Akaja. Aligonga bega kwenye kabati, akapita. Akainama juu ya kioo, uso karibu kabisa, akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetazama punje. Nikamkonyeza Seremala.

"Umejitahidi," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Lakini bado. Kina ukungu. Hapa kati, na kule pembeni ndiyo kabisa. Sugua tena, mwanangu, usikate tamaa."

Vijana wa karakana wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikafungua mdomo kusema yale niliyoyafanyia mazoezi tangu jana: kipya hicho, Baba, kimetoka kwenye karatasi sasa hivi! Na nikayasema. Yote. Mpaka na karatasi nikamwonyesha, nikiipunga.

Hakuitazama karatasi. Nilikuwa nimeipunga upande wake wa kushoto, karibu na sikio, na hakujua kama iko pale.

Sijui nieleze vipi. Kicheko kilikuwa bado mdomoni mwangu lakini hakikuwa changu tena. Nikaishusha karatasi, nikaipandisha tena polepole, upande uleule. Hakupepesa. Nikaanza kuona vitu vyote kwa pamoja, ndoo, nane, meza ya mlangoni, pete za taa, na nikatamani viache kuja.

"Kipya?" Baba akauliza.

Seremala aliangalia viatu vyake. Mama wa saluni akasema taratibu, "Kipya, mzee," na alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuua Baba. Nilimwona. Alinyoosha mkono akakipapasa kioo kutoka ukingo mpaka ukingo, kilivyo laini, akausimamisha mkono pale kati.

"Basi siyo kioo," akasema.

Akavaa koti lake, akatoka mvuani. Alipita mlangoni ameweka kiganja kwenye fremu.

13 Aprili

Duka limefungwa.

14 Aprili

Mvua. Baba hajanisemesha wala hajaninunia. Anakula, anashukuru, anakaa.

17 Aprili

Tumekwenda hospitali, mimi, Dada na Baba katikati. Daktari wa macho ni mwanamke kijana, anaongea upesi kisha anarudia polepole. Ni presha ya macho. Imemla kidogo kidogo kwa miaka, kuanzia pembeni, bila maumivu. Kuna dawa za matone za kulinda hicho kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi, wala kwa miwani wala kwa kisu.

"Kimebaki kiasi gani?" Baba akauliza. Alitaka kipimo, Milimita wa watu.

Daktari akatengeneza tundu dogo kwa kidole gumba na cha shahada. Kisha akakumbuka kwamba haonekani, akaushusha mkono, akasema kwa mdomo.

18 Aprili

Dada alikuwa anajua. Siyo presha, hilo hakulijua, alidhani ni miwani tu. Lakini tangu mwaka jana Baba amekuwa akimpa simu amsomee ujumbe, na akimwomba amtungie uzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe? Kwa domo hilo? Alinikataza. Alisema ukijua utalisema kwa mzaha, na mtaa mzima utacheka."

Tazama ukurasa wa tarehe 12.

22 Aprili

Matone asubuhi, matone jioni. Namtia mimi. Baba anaangalia juu, ananingojea, na jicho lake karibu hivyo ni zuri tu, jeusi, limetakata. Huwezi kujua.

25 Aprili

Wateja wanakuja, tunawarudisha. Nimekuta almasi imewekwa juu ya meza yangu ya kusugulia. Nimeirudisha mfukoni mwa koti lake.

"Chukua," akasema.

"Hujasema kimetakata."

"Siwezi kusema nisichokiona."

"Basi."

Tukakaa. Sisi wote wawili wabishi, na ahadi ni ile niliyoiandika mwenyewe humu ili asije akairuka. Sasa hawezi kuiruka wala kuitimiza.

26 Aprili hadi 2 Mei

Mvua, matone, mvua. Kuna siku nimesugua lile tangi bila unga, kwa maji tu. Sauti inamtuliza, nadhani. Au inanituliza mimi.

4 Mei

Seremala amekuja kuomba radhi. Alisimama mlangoni anakunja kofia. Baba akamwambia, "Karibu, fundi. Mlango wa karakana yako umeshuka bawaba ya chini, nausikia ukikwaruza sakafu tangu wiki iliyopita." Seremala alikwenda kutazama. Ni kweli.

9 Mei

Leo Baba ameamka, akaoga, akavaa koti, akaniambia nilitoe tangi kokoto zote nilikaushe.

Alisimama mbele yake, akafumba macho. Sikuwahi kumwona akikagua kioo amefumba macho. Akaanza kwa nje, kwa ukucha wa kidole cha shahada, kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama anayelima. Akaingia ndani. Nilianza kutoka jasho kabla hajafika kona ya kushoto.

Ukucha ukakwama. Nikausikia: tk.

"Hapa uliweka kokoto," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Niliujua tangu siku ya pili."

"Huu hauwezi kutoka. Ungeniambia ningekuachia."

"Nilitaka useme kimetakata."

Akaendelea kuupapasa ule mkwaruzo, anakwenda nao na kurudi nao.

"Hata mimi niliweka kokoto," akasema. "Nane yako haikuwa na kosa. Ile ya fremu pia."

Dada alikuwa ameacha mashine. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na hapo ndipo nilipogundua kwamba bati halilii. Mvua imekatika. Dada, ushahidi huo, nguo zako utafua mwenyewe.

"Kioo kimetakata," Baba akasema. "Kina mkwaruzo mmoja, kona ya chini, ndani. Ukimuuzia daktari wa meno, mwambie." Akatia mkono mfukoni, akanyoosha almasi. Hakuinyoosha kwangu barabara, nikasogea kuipokea. Kwa mikono miwili. Sikucheka.

"Lete kioo cha milimita tatu, kile kilichobaki cha fremu. Kata. Mimi nitasikiliza."

Nimengojea siku hii tangu nina miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeipanga na watu na kelele. Nikaweka rula, nikashusha ncha, nikavuta. Sauti yake ni kama kitambaa kinachochanwa mbali.

"Mkono uliinuka, karibu na mwisho," Baba akasema.

Nikasema haukuinuka. Nikavunja. Kioo kikakatika vizuri, vizuri, kisha karibu na mwisho kikakimbia pembeni.

"Rudia."

Mara ya pili nilikandamiza mno, alijua kabla yangu. Mara ya tatu nilisita. Mara ya nne nilivuta nimeziba pumzi, na hakusema kitu. Nikavunja. Ukingo ulinyooka kama uzi.

Nikainua macho nione uso wake. Alikuwa anatabasamu, tabasamu kubwa ambalo sijawahi kupewa tangu nizaliwe, na alikuwa amelielekeza ukutani, hatua mbili kushoto kwangu, akidhani nimesimama pale.

Sikumwambia. Nikaweka almasi chini polepole, nikazunguka meza bila kugusa ndoo, nikaenda kusimama pale alipokuwa anatazama.